Breki za Gari la Zamani: Ujue Ugonjwa Kabla ya Kununua Spea

Breki zikianza kusumbua, wengi hukimbilia dukani kununua pedi. Pedi ni rahisi kubadilisha, ndiyo maana zinalaumiwa kwa kila kitu. Lakini pedeli inayozama haiponi kwa pedi mpya, wala gari linalovuta upande. Naomba kabla hujatoa hela, ulipime gari lako mwenyewe. Mfano wangu ni Corolla 110, kwa sababu bado ziko nyingi barabarani na zilizo nyingi zina diski mbele (sahani inayobanwa na pedi) na dramu nyuma (ngoma inayosukumwa kwa ndani na shuu), kama magari mengi madogo yaliyotumika.

Hatua ya 1: Fungua boneti

Tazama kikopo cha mafuta ya breki. Yakiwa chini ya alama ya MIN, usiongeze kwanza. Huenda pedi zimelika, pistoni zinazozisukuma zimesogea nje na mafuta yamezifuata. Ukijaza leo, siku ya kuweka pedi mpya yatafurika, na mafuta haya yanakula rangi ya gari. Au kuna mahali yanavuja, na hilo ndilo la kutafuta.

Angalia na rangi. Mafuta mapya yanapitisha mwanga na yana unjano kidogo. Yakiwa meusi yamechoka. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 (daraja lililoandikwa kwenye chupa) hufyonza unyevu wa hewani, na sisi wa pwani tunao mwingi. DOT 3 mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishaingia maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140 hivi. Badilisha kila baada ya miaka 2 hata kama gari halilalamiki. DOT 3 na DOT 4 zinachanganyika. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye nazo. Oili ya injini au ya gia usithubutu kuitia humo, inavimbisha raba zote za mfumo.

Hatua ya 2: Isikilize pedeli

Hapa ndipo penye majibu mengi, na huhitaji hata spana.

Injini ikiwa imezimwa, pampu breki mara kadhaa mpaka pedeli iwe ngumu, kisha kandamiza kwa nguvu za kawaida na ushikilie dakika nzima. Ikizama taratibu, mafuta yanatoroka. Kagua chini ya gari, ndani ya tairi zote nne, na pale masta silinda (pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki) inaposhikana na busta (kifaa kinachouongezea mguu nguvu). Kama kote ni kukavu na mafuta hayapungui, masta silinda inapitisha mafuta kwa ndani, raba zake zimeisha.

Mguu ukiwa bado juu ya pedeli, washa injini. Pedeli inapaswa kushuka kidogo yenyewe. Isiposhuka, busta haifanyi kazi, au paipu inayotoka kwenye injini kwenda kwenye busta imepasuka. Dalili yake barabarani ni pedeli ngumu kama jiwe na gari linalochelewa kusimama.

Pedeli laini inayonesanesa maana yake kuna upepo ndani ya mafuta ya breki. Ila kama inaenda chini mara ya kwanza, na ukikanyaga mara ya pili inapanda na kuwa ngumu, kagua nyuma: shuu zimekaa mbali na dramu, zinahitaji kurekebishwa. Hapo watu hutoa upepo mara tatu bila mafanikio.

Hatua ya 3: Barabarani

Tafuta eneo la wazi lisilo na watu, na usizidi spidi 40. Gari likivuta kulia unapofunga breki, mara nyingi mgonjwa ni wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ndiye anayefanya kazi peke yake. Lakini pima upepo wa tairi kwanza. Mlio mwembamba ni pedi zinazokaribia kuisha. Mkwaruzo mzito ni chuma juu ya chuma, usiendelee. Ukishasimama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Yenye joto kuliko nyingine inakamata, yaani breki yake haiachii.

Hatua ya 4: Toa tairi

Ardhi iwe tambarare, tairi iwekewe jiwe, gari likae juu ya stendi. Jeki peke yake si ya kuamini. Pedi chini ya milimita 3, badilisha. Ya ndani ikiwa imelika sana kuliko ya nje, pistoni au pini za kalipa (kifaa kinachoshika pedi) zimeganda. Ndani ya dramu kukilowa, silinda ya gurudumu (inayosukuma shuu) inavuja. Usipulize vumbi kwa kompresa; lifute kwa kitambaa chenye maji.

Tairi iliyokamata, legeza nipo (skrubu ndogo) ya kutolea upepo. Ikiachia hapo hapo, presha ilikuwa imefungiwa na hozi (paipu ya raba) iliyoziba kwa ndani. Isipoachia, tatizo ni kalipa.

Kuna mafundi wakiona silinda inavuja wanaziba paipu ya tairi hiyo ili gari liondoke. Kataa. Tairi moja itakosa breki kabisa, na siku ya kufunga breki ghafla gari litayumba.

MASWALI

Moshi: *Mkuu, nimeweka diski na pedi mpya, usukani bado unatetemeka nikifunga breki nikiwa spidi 80.*
Toa diski, sugua kutu pale inapokaa kwa brashi ya waya. Kutu kidogo tu inaifanya izunguke ikiyumba. Kaza nati kwa mshazari, kidogo kidogo. Kama inatetemeka hata bila breki, kapime balansi ya tairi.

Iringa: *Nikishuka Kitonga pedeli inalainika, nikifika Ruaha Mbuyuni inarudi sawa. Ni upepo?*
Ni mafuta kuchemka. Mvuke unabonyea, ukipoa pedeli inarudi. Badilisha yote. Na uingie gia ndogo kabla mteremko haujaanza. Kwa otomatiki weka 2 au L, injini ikushikie gari. Ingekuwa pedeli ngumu lakini gari halisimami, ningesema pedi zimezidiwa na joto.

Tanga: *Shikamoo mwalimu. Taa nyekundu ya breki inawaka nikikata kona, halafu inazima. Naweza kwenda nayo kazini?*
Marahaba binti. Hakikisha hendibreki imeshuka kabisa. Kama imeshuka, mafuta yamepungua na kona inayasogeza upande mmoja wa kikopo. Rudi hatua ya 1 na ya 2 leo hii. Ukiona pedi zimelika tu na pedeli iko imara, nenda gereji taratibu. Ukiona unyevu kwenye tairi yoyote au pedeli inazama, gari lisitoke, mwite fundi aje nyumbani. Ile ya njano ya ABS (mfumo unaozuia tairi kuloki) ni nyingine: breki za kawaida zinabaki, ila tairi zinaweza kuloki kwenye utelezi.