Jinsi ya Kujaribu Vidhibiti Ukuaji kwenye Haradali

Anayepanda haradali katika shamba dogo upande wa Kabete au Karen, pembezoni mwa Nairobi, na anayetaka kujua kama kidhibiti ukuaji, yaani dawa ya kubadilisha jinsi mmea unavyokua, kitamfaa, hana budi kutenga vipande visivyotiwa dawa hiyo, kwa sababu bila hivyo hataweza kutofautisha kazi ya dawa na kazi ya mvua. Panda mvua za Machi au za Oktoba zinapoanza, rudia kila dawa katika vipande vinne, na upige kura kuamua kipande kipi kipate nini.

Jiberelini, homoni ya mimea, hurefusha seli za shina. Klorimekwati huuzuia mmea usitengeneze jiberelini yake wenyewe, nao hubaki mfupi na imara, jambo lenye manufaa pale ambapo naitrojeni ni nyingi na haradali ndefu huanguka. Oksini za kutengenezwa, zinazoiga homoni nyingine ya mimea, hutumiwa kupunguza kupukutika kwa maua na maganda machanga. Nunua kwenye agroveti dawa yenye kibandiko na namba ya usajili, na usichanganye mbili katika jaribio la kwanza.

Uchanganyaji ndio unaotaka uangalifu mkubwa zaidi. Jiberelini haiyeyuki vizuri katika maji. Kwa hiyo iyeyushe gramu 1 katika alkoholi kidogo, kisha ongeza maji hadi lita 1. Mililita 500 za mchanganyiko huo, zikitiwa katika lita 9.5 za maji, hutoa lita 10 zenye miligramu 50 kwa kila lita. Vipande vya kulinganishia vipulizie maji yenye alkoholi kiasi kile kile, la sivyo utakuwa unapima alkoholi.

Vaa glavu na barakoa, upulizie vitumba vya maua vinapotokeza, asubuhi umande ukishakauka na upepo ukiwa umetulia.

Baada ya wiki mbili, chuma majani ya umri mmoja, uyapime yakiwa mabichi, uyaloweke kwa saa kadhaa na kuyapima tena, kisha uyakaushe na kuyapima mara ya mwisho. Toa uzito mkavu kwenye uzito mbichi na kwenye uzito wa kulowekwa, ugawe tofauti ya kwanza kwa ya pili, na utajua jani lilikuwa limeshiba maji kiasi gani. Urefu wa mmea nauona kipimo dhaifu: wakati wa kuvuna, hesabu matawi na maganda, upime uzito wa mbegu 1,000, kisha mbegu zote kavu za kila kipande.