Namna ya kuanzisha kikundi cha kusikiliza jazz Arusha na Moshi, hata kama hamjui pa kuanzia

Wakuu, hii ni kwa wale wa Arusha na Moshi wanaotaka kuijua jazz ila kila wakijaribu wenyewe wanachoka dakika ya tatu. Jazz ya peke yako na simu mkononi ni ngumu, wimbo una dakika tisa, hakuna anayeimba, meseji inaingia, basi umeshapotea. Dawa niliyoiona inafanya kazi ni kukaa watu wachache, albamu moja, na mjue kwa majina nani anapiga nini. Hilo la majina ndo kubwa kuliko yote. Rekodi ya jazz ni watu fulani waliokutana chumba fulani siku fulani, na ukishawajua wale watu hutauliza tena "nisikilize nini baada ya hapa", wao wenyewe watakupeleka.

Watu muwe wanne mpaka sita. Mkizidi hapo inakuwa sherehe, watu wanaanza stori. Na jitahidini mmoja awe anapiga chombo, huku kwetu hilo sio gumu hata kidogo maana sharika nyingi za KKKT zina kundi la tarumbeta, na Jumamosi matarumbeta ya harusi yako barabarani juu ya pikapu, kwa hiyo kijana anayejua kupuliza tarumbeta au tromboni unampata tu ukiuliza. Mleteni huyo, mumheshimu, atawasikilizisha vitu nyie wengine hamvisikii. Kuna kijana wa tarumbeta alikuja kwetu, kufika solo (pale mmoja anapojiachia wengine wakimsindikiza) ya Lee Morgan, mpiga tarumbeta wa Marekani, akaomba turudishe, akainua vidole vitatu hewani akatuonyesha jinsi jamaa anavyobonyeza funguo nusu tu badala ya kuzamisha mpaka chini ndo maana sauti inateleza vile kama inalalamika, na kuanzia hapo kila Lee Morgan akifanya hivyo sebule nzima inaguna.

Mahali ni sebuleni kwa mtu. Baa hapana, pale mtashindana na mpira. Muda mzuri naona ni Jumapili saa tisa alasiri, watu wameshatoka ibadani wameshakula, na wa Usa River au Ngaramtoni wanawahi gari za kurudi. Mwezi wa saba kwa baridi ya Arusha muwe na chupa mbili za chai, mambo ya chakula msiyafanye makubwa maana mwenyeji atashinda jikoni na yeye naye amekuja kusikiliza.

Sasa sauti, hapa naomba msome taratibu. Karibu kila nyumba ina sabufa na karibu kila sabufa besi imefunguliwa mpaka mwisho kwa ajili ya singeli na amapiano. Kwa jazz irudisheni nusu au chini ya nusu, alafu lile boksi la besi mlitoe kwenye kona, kona ya ukuta inakuza besi. Mkiacha ilivyo, lile besi kubwa la kusimama linalopigwa kwa vidole linageuka mngurumo mmoja, noti hazitofautiani. Na zile spika ndogo za kuchaji nazo zina tatizo la upande mwingine, besi hamna kabisa. Sio suala la mbwembwe tu hili, wimbo wa kwanza ntakaowaambia mpige melodi yake inabebwa na besi, besi isiposikika mmeukosa wimbo wenyewe. Kama spika nzuri haipo ni bora kila mtu aje na earphone zake za waya mkagawana simu mbili tatu.

Bando: pakueni albamu nzima usiku kabla ya siku, zipigwe kwa mpangilio ule ule wa albamu, msitegemee kustrimu. Tangazo la biashara likiingia katikati ya solo limeua kila kitu, na umeme ukikatika na intaneti ya nyumba imeondoka nao.

Kikao cha kwanza pigeni Kind of Blue ya Miles Davis, na sio yote, ni wimbo wa kwanza tu, So What. Najua wapo watakaosema hiyo kila mtu anaitaja. Inatajwa kwa sababu nafasi ni nyingi mle ndani, hakuna anayemkanyaga mwenzake, mgeni anaweza kumsikia kila mmoja alipo. So What ilirekodiwa New York tarehe 2 Machi 1959, studio ya kampuni ya Columbia ya mtaa wa 30, na Miles alienda pale na michoro mifupi ya muziki, wenzake hawakuwa na mazoezi ya nyimbo zile. Kwenye So What wako sita: Miles tarumbeta, John Coltrane saksafoni ya tenor, Cannonball Adderley saksafoni ya alto, Bill Evans piano, Paul Chambers besi, Jimmy Cobb drams. Andikeni majina hayo kwenye karatasi muiweke mezani.

Mara ya kwanza sikilizeni mwanzo mpaka mwisho kimya. Mara ya pili kila mmoja wenu apewe mtu wake, wao sita na nyie sita, na kazi yako ni kumfuata huyo huyo mwanzo mwisho hata wengine wafanye nini. Aliyepewa Chambers ataanza kazi mapema maana baada ya ule utangulizi wa taratibu ni besi ndo linauliza na wenzake wanajibu kwa noti mbili. Aliyepewa Cobb asubiri pale Miles anapoanza solo, kuna toazi moja linapigwa kwa nguvu linabaki linalia muda, akishalisikia hilo hatalisahau. Solo zinaenda kwa foleni: Miles, Coltrane, Adderley, Evans. Mkimaliza kila mtu aseme alichosikia kwa mtu wake, kwa lugha yake ya kawaida, hakuna jibu la kukosea.

Mara ya tatu ni ya kuhesabu. Piga mguu moja mbili tatu nne, hiyo ni bari moja. Wimbo unazunguka bari 32: nane, nane nyingine zile zile, alafu nane ambazo kila kitu kimepanda nusu hatua, alafu nane za kurudi nyumbani. Ile ya kupanda inasikika wazi, kama mwalimu wa kwaya anapopandisha sauti kwenye ubeti wa mwisho. Kila ikifika hapo wote mnyooshe mkono. Mzunguko wa tatu wa nne hivi mtaanza kunyoosha pamoja, na hapo ndo mtu anaelewa kwamba wale watu hawapigi ovyo, wote sita wanajua wako wapi muda wote na ndani ya hapo wanasema wanachotaka.

Kikao kimeisha, saa moja na nusu inatosha. Msisikilize albamu tatu siku moja.

Kikao cha pili fuateni majina. Albamu ile ile, Freddie Freeloader, ila piano amekaa Wynton Kelly badala ya Evans, wimbo ni bluzi ya bari 12, msikilize piano imebadilika tabia vipi kwa kubadilisha mtu mmoja tu. Kisha mchukueni Coltrane na Chambers muwahamishe kwenye Blue Train, albamu ya Coltrane mwenyewe, ilirekodiwa tarehe 15 Septemba 1957, huko ndo mtamkuta Lee Morgan akiwa na miaka 19, Curtis Fuller kwenye tromboni, Kenny Drew piano na Philly Joe Jones drams. Ilirekodiwa na fundi sauti Rudy Van Gelder huko Hackensack, New Jersey, kwenye sebule ya nyumba ya wazazi wake, mchana alikuwa mtaalamu wa macho na miwani na kurekodi anafanya nje ya kazi. Kwa hiyo mkiwa sebuleni Njiro au Soweto ya Moshi mnasikiliza kitu kilichotoka sebuleni.

A Love Supreme ya Coltrane iacheni mpaka mwezi wa pili au wa tatu wa kikundi. Ya tarehe 9 Desemba 1964, iko sehemu nne, haifiki dakika 35, na hii lazima isikilizwe yote bila kusimama. Sehemu ya kwanza Jimmy Garrison anaanzisha noti nne kwenye besi na mwishoni zinaimbwa kwa mdomo. Sehemu ya mwisho inaitwa Psalm, na Coltrane aliandika sala kwenye jalada la albamu, anachokifanya pale ni kuisoma ile sala kwa saksafoni, silabi kwa silabi. Tafuteni maneno yake mtandaoni, mmoja ayafuate kwa kidole wakati muziki unaenda na wengine waangalie kidole. Kwa watu tuliokulia kwenye ibada hii haihitaji maelezo, nimeona mama mtu mzima aliyekuja tu kumsindikiza mwanae akakaa mpaka mwisho.

Baada ya hapo njooni nyumbani kidogo. Randy Weston, mpiga piano wa Brooklyn, alirekodi Uhuru Afrika mwezi Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Mashairi ni ya Langston Hughes, mpangaji wa muziki ni Melba Liston ambaye mwenyewe alikuwa mpiga tromboni hodari, na sauti inayosoma kwa Kiswahili pale mwanzo ni ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Albamu ilikuja kupigwa marufuku Afrika Kusini na makaburu. Kwa kweli inaniuma watu wetu wengi hawaijui. Kuna pia Herbie Hancock, mpiga piano wa Marekani, na albamu yake Mwandishi ya 1971, yeye na wenzake walijipa majina ya Kiswahili, Billy Hart ni Jabali, Buster Williams ni Mchezaji, Eddie Henderson ni Mganga, ila muziki wenyewe ni mzito, msimwanzishie mgeni. Mwepesi zaidi ni Abdullah Ibrahim wa Cape Town, Mannenberg ya 1974, ile hata watoto wanacheza.

Mkitafuta mtandaoni neno jazz pamoja na jina la mji wa kwetu mtaletewa Atomic Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz, huo ni muziki wa dansi wa magitaa, njia tofauti na hii, na hata hapa palikuwa na Arusha Jazz ya ndugu wa Kinyonga waliokuja kuwa Simba Wanyika. Upangieni Jumapili yake, unastahili.

Kwenye kikao sheria ziwe chache: besi likipata solo hakuna kuongea, maana hapo ndo watu wote wanadhani wimbo umepumzika. Mtu akisema hakipendi kitu aulizwe ni sehemu gani, turudishe hapo, tusikilize tena. Na muwe na daftari moja, kila rekodi mnaandika jina, mwaka, na wapigaji wote mpaka wa drams, na mwenye nyumba ya wiki ijayo ndo anaondoka nalo na ndo anachagua jina moja la kufuata. Tarehe 30 Aprili ni Siku ya Jazz Duniani ya UNESCO, siku hiyo mnaweza kufungua mlango kwa majirani: So What kwanza, Mannenberg ya pili, kisha yule kijana wa tarumbeta apige chake mwenyewe.