Kuweka Debian (mfumo wa bure wa kompyuta, kama Windows) kwa mashini ya zamani kwa kusikia tu (someni mpaka mwisho ndio muulize)

Kila wiki WhatsApp yangu inajaa, "yaya ile ya kuongea inawashwaje?" Basi iko hapa. Mimi sioni, na nimeshawekea watu wengi hapa Goma, mashini za okazi za 2 GB.

1. Andika Debian 12 kwa flashi na Rufus (programu ya Windows ya kutengeneza flashi ya kuwekea). Kama mashini ni ya biti 32 achana na 13, haina tena installer yake.
2. Washa kwa flashi. Dell F12, HP F9.
3. Ukisikia biip, bonyeza s, kisha Enter. Kama kadi za sauti ziko mbili itaongea kwa zamu, piga Enter pale unaposikia.
4. Maswali yanajibiwa kwa namba. Ukikosea andika < urudi nyuma.
5. Kibodi. Hapa ndipo niliumia. Mashini ilitoka Ubelgiji, nikachagua azerty (kibodi ya Kifaransa, herufi zinaanza A-Z-E), swali lililofuata nabonyeza 1, linarudi, nabonyeza tena, linarudi, nikasema kibodi imekufa, nikazima kwa nguvu, nikaanza upya mara tatu mpaka umeme ukakatika. Kumbe kabla ya swali la kibodi mashini inadhani kibodi ni ya Kimarekani, namba bila Shift. Ukishachagua azerty namba ni na Shift, bila Shift ile 1 inatoa &. Zile za Kampala nyingi ni qwerty (ya Kiingereza), kwa hiyo uliza kwanza mashini imetoka wapi!
6. "Diski yote" inafuta YOTE, hata picha za harusi.
7. Ikiuliza desktop (sura ya skrini), chagua MATE. Orca, programu ya kusoma skrini, itaongea yenyewe ukiwasha.

Mtoto wa Birere: yaya yangu haiongei

Jibu: Ulibonyeza s?

Mtoto wa Birere: s gani

Jibu: Hatua ya 3. Soma.

Mama Himbi: Ya mtoto wangu haipigi biip kabisa, ni kusema imeharibika?

Jibu: Hapana mama, laptop nyingi hazipigagi. Usiguse kitu, hesabu nusu dakika, mara nyingi inaanza kuongea yenyewe. Ukiona kimya, s na Enter ujaribu.

Katindo: Orca inasoma majina yetu kama mzungu mwenye mafua 😂

Jibu: Bonyeza Insert na Space pamoja, mipangilio ya Orca inafunguka, nenda kwa sauti, chagua espeak (programu inayotoa sauti), lugha Kiswahili. Ni ya bati lakini Nyiragongo inatoka afadhali.

Mtoto wa Birere: imeongea!! sasa namba hazikubali

Jibu: 5.