Kulala kwenye kona: usiitafute theluji kwa mkono

Msimu wangu wa pili juu ya ubao wa theluji nilitoboa kiwiko cha koti, nikijiona nimeshajua kulala kwenye kona, yaani kuulaza mwili hadi karibu na theluji wakati ubao unapinda. Mwenzangu akanirekodi kwa simu, na video ikaniumbua. Mkono unapapasa theluji, kiuno kimekunjika kama naokota sarafu, na ubao karibu umelala bapa, unaparaza tu. Kumbe ni kinyume: mwili ukilala, ubao ndio unatakiwa usimame kwa ubavu.

Utazame ubao kutoka juu. Mbele na nyuma umetanuka, kiunoni umebonyea. Ule ubonyeo ni kipande cha duara kubwa, na ukiuinamisha ubao juu ya ukingo wake wa chuma, unapinda na kukata duara dogo zaidi. Ubao ambao duara lake lina nusukipenyo cha mita 10 ukiinamishwa nyuzi 60 hukata kona yenye nusukipenyo cha mita 5 hivi. Hapo miguu inabeba karibu mara mbili ya uzito wako, na unahitaji mwendo wa kilomita thelathini na kitu kwa saa. Anayejilaza kwa mwendo wa kobe anaanguka tu, maana hakuna kinachomshikilia.

Kwa hiyo usianze na kulala. Tafuta mteremko mpana, usio mkali, uliosawazishwa na mashine, tena asubuhi kabla watu hawajauchimba. Shuka moja kwa moja, halafu inamisha ubao upande wa vidole vya miguu (juu ya ubao unasimama kiubavu, vidole ukingo mmoja, visigino mwingine) na utulie. Usiusukume mkia, ile ncha ya nyuma ya ubao! Ubao utajipinda wenyewe, upande kidogo kuelekea juu ya mlima, usimame. Sasa geuka uangalie alama uliyoacha. Ukiona mstari mwembamba kama uliochanjwa kwa kisu, umekata. Ukiona kama pamepitishwa ufagio, rudia. Mimi nilirudia zoezi hili siku nne mfululizo, na siku mbili za kwanza nilikuwa nafagia tu.

Upande wa vidole, sogeza nyonga kuelekea theluji na kifua kibaki juu. Ukikunja kiuno ili mkono ufike chini, unaupunguzia ukingo uzito na ubao unateleza.

Upande wa visigino ndio uliowatoa wengi jasho, nami nikiwemo. Kosa letu ni moja: tunakaa kama tuko chooni, makalio nje, macho kwenye ncha ya ubao. Dawa yake ni kugeuza kichwa, mabega na kifua kule kona inakoelekea, mkono wa nyuma ukija mbele, na goti la nyuma likisukuma kuelekea la mbele. Nilipoanza kuutazama mwisho wa kona badala ya miguu yangu, nusu ya tatizo ilikwisha.

Kuunganisha kona mbili kuna siri niliyochelewa kuielewa, kwa sababu kila mtu alikuwa ananiambia nikunje magoti. Sawa, lakini lini? Kunja unapotoka kona moja kwenda nyingine: vuta magoti kuelekea kifuani, ubao upite chini yako. Ukishaingia kona mpya, nyoosha miguu taratibu, ukiusukuma ubao mbali nawe. Miguu inavyonyooka ndivyo mwili unavyoshuka. Theluji itakugusa yenyewe, mkono kwanza, kisha kiwiko, baadaye nyonga. Uache mkono upite juu juu tu. Usiukite kiganja kuzuia anguko, kwani vifundo vya mikono huvunjika hivyo.

Kuna anguko moja nililolilaumia miguu yangu bure. Nilikuwa nainama vizuri, ghafla ubao unachomoka. Ilikuwa buti: ikizidi upana wa ubao, inagusa theluji na kuunyanyua ukingo. Jipime nyumbani. Funga mabuti kwenye ubao, uweke sakafuni kwa ubavu, uinamishe hadi buti iguse. Hapo ndipo mwisho wako, hata uwe fundi namna gani. Tafuta ubao mpana zaidi, au zungusha vifungio vyote viwili vinavyoshika mabuti vitazame mbele zaidi. Kwa mabuti laini mimi natumia nyuzi 30 mguu wa mbele na 15 wa nyuma, sifuri ikiwa ni mguu kukingama ubao. Wenye mabuti magumu huzungusha zaidi, mara nyingi nyuzi 50 na kuendelea. Na unoe kingo. Ukingo butu kwenye theluji ngumu haushiki chochote.

La mwisho ni watu. Kona hizi zinakula upana wote wa mteremko, na wakati mwingine zinarudi juu mahali ambapo anayekuja nyuma hakutarajii. Anayekuja kutoka juu ndiye anayepaswa kukukwepa, lakini anayeondoka au kupanda naye anapaswa kutazama juu kwanza. Mimi husimama pembeni, nasubiri kundi lipite lote, nageuka tena kuhakikisha, ndipo naondoka.