Mwito wa kurudi Kanda ya Ziwa: maandalizi ya mmisionari anayeishi ughaibuni

Wako Watanzania, Wakenya na Waganda wengi huko Uingereza, Marekani, Kanada na kwingineko ambao wamekaa na mwito huu moyoni kwa miaka: kuacha kazi, au kuomba likizo ndefu, waende kumtumikia Mungu kandokando ya Ziwa Victoria. Wengine walizaliwa Mwanza, Musoma, Bukoba au Kisumu. Wengine walizaliwa London, na ziwa wanalijua kwa masimulizi ya wazazi. Haya nawaandikia ninyi. Nitazungumzia zaidi Mwanza na visiwa vyake kwa kuwa ndiko ninakokujua, ila mengi yatamfaa hata anayekwenda Homa Bay au Kalangala.

Nianze na jambo ambalo mengine yote yanalitegemea. Mmisionari Mzungu akishuka uwanja wa ndege wa Mwanza, watu wanajua ni mgeni. Wanamwelekeza, wanamfundisha kusalimia, na akikosea wanamsamehe. Wewe ukishuka na sura yetu na jina letu, kila mtu atadhani unajua. Hutafundishwa na mtu, na kosa lako litaitwa dharau. Ndiyo maana wewe unahitaji kujiandaa kuliko yeye.

Wala hutakuwa wa kwanza kupita njia hii. Mwaka 1906 kazi ya Waadventista Wasabato ilipoanza Gendia, karibu na Kendu Bay upande wa Kenya, Arthur Carscallen kutoka Kanada hakufika peke yake. Alifuatana na Peter Nyambo, Mwafrika wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, aliyekuwa amesoma Uingereza. Huyo alikuwa mwanadiaspora kabla neno hilo halijatumika kwetu, akaja kutumika kwenye ziwa ambalo halikuwa la kwao. Simulizi za umisheni zinawataja sana akina Alexander Mackay, mmisionari kutoka Uskoti aliyefariki Usambiro, kusini mwa ziwa, mwaka 1890, na mapadre Wazungu waliofungua Bukumbi mwaka 1883. Msomeni na Nyambo pia.

Kanisa litakalokupokea kwanza, mradi baadaye

Wengi wanaanza na mradi. Mtu anachora nembo, anafungua ukurasa wa kuchangisha, anachagua kisiwa kwenye ramani, halafu ndipo anatafuta mchungaji wa kumkaribisha. Huko ni kuanzia mwisho. Anza kwa kuliandikia kanisa lililoko huku, kupitia uongozi wa kanisa lako la huko: jimbo, dayosisi, au ofisi ya kanisa husika. Karibu kila dhehebu lina mizizi ya muda mrefu Kanda ya Ziwa. AICT (Africa Inland Church Tanzania) wana makao yao makuu Mwanza, Wamennonite wako Shirati tangu 1934, na Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri wa KKKT, Wasabato na Wapentekoste wapo mijini na visiwani. Hakuna mwalo, yaani kituo cha wavuvi ufukweni, utakaoukuta bila wainjilisti wake.

Waulize swali moja: mnahitaji nini? Kisha ukubali jibu. Mara nyingi hawataomba mhubiri, kwa sababu wahubiri wanao, tena wanaoijua lugha ya wavuvi. Wataomba mhasibu wa kuweka sawa vitabu vya hospitali ya kanisa, muuguzi, fundi wa mitambo ya umeme wa jua, au mtu wa kuwafundisha walimu wa shule ya Jumapili. Kama mwito wako ni kuhubiri tu na hutaki jingine, sema mapema ili wajue. Lakini mimi ningekushauri usifungue huduma yako mwenyewe mpaka utakapokuwa umetumika kwa miaka kadhaa chini ya mzee wa hapa.

Kabla ya kuondoka, pata cheti cha polisi cha nchi unayoishi kinachoonyesha kuwa huna kosa la jinai, hasa kama utashughulika na watoto. Hata kanisa lisipokiomba, kipeleke.

Uraia na vibali

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Ukishachukua uraia wa Marekani au Uingereza, mbele ya sheria wewe ni mgeni, hata kama kitovu chako kimezikwa Sengerema. Bunge limeshapitisha mabadiliko ya sheria yanayoweka hadhi maalumu kwa wageni wenye asili ya Tanzania. Uliza ubalozini inakupa haki zipi na haikupi zipi kabla ya kupanga safari. Kenya imeruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010, na Uganda nayo inaruhusu, kwa hiyo Mkenya anayerudi Kisumu hana shida hiyo. Mkenya huyohuyo akija kutumika Mwanza, itambidi afuate taratibu za vibali.

Mgeni anayekuja kwa kazi ya dini Tanzania anahitaji vitu viwili: kibali cha kazi, ambacho kwa wanaotumika katika mashirika ya dini na ya hisani yaliyosajiliwa ni daraja D, na kibali cha ukaazi daraja C, ndilo daraja la wamisionari. Maombi yanafanywa na kanisa linalokupokea, na ni lazima liwe limesajiliwa. Usije kwa viza ya matembezi ukaanza kazi ukitegemea kwamba mambo yatarekebishwa baadaye. Ukikamatwa, aibu haitakuwa yako peke yako. Mchungaji aliyekupokea ndiye atakayeitwa kujieleza.

Daktari, muuguzi na mkunga, leseni zenu za huko hazitoshi. Ni lazima msajiliwe na mabaraza ya taaluma ya Tanzania kabla ya kumgusa mgonjwa. Anza kukusanya vyeti vya masomo na barua za utambulisho mapema, maana kuvifuatilia ukiwa tayari kisiwani ni mateso.

Afya: usiitegemee damu ya utotoni

Mtu aliyekulia Mwanza huniambia, "Malaria mimi naijua." Aliijua zamani. Kinga ambayo mwili hujijengea kwa kuumwa mara kwa mara hupungua mtu akikaa miaka mahali pasipo na malaria, na watoto waliozaliwa huko hawakuwahi kuwa nayo kabisa. Nenda kliniki ya wasafiri, zungumza kuhusu dawa za kinga, na ukifika lala ndani ya chandarua kila siku. Homa ikianza, pima siku hiyohiyo. Na ukirudi Ulaya kwa likizo ukapata homa, mwambie daktari neno la kwanza kwamba unatoka kwenye malaria. Kule wanaweza kudhani ni mafua.

Chanjo ya homa ya manjano nayo iangalie. Ndege yako ikipitia Nairobi, Entebbe au Addis Ababa na ukakaa hapo saa nyingi, unaweza kudaiwa kadi yake.

Kichocho nitakizungumzia kwa kirefu zaidi, kwa sababu kinahusu kazi yenyewe. Kichocho cha tumbo kimeenea sana pande hizi za ziwa. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama kwenye maji ya kina kifupi, hasa kwenye matete. Sasa fikiria ubatizo wa kuzamisha: mchungaji amesimama majini mpaka kiunoni, saa nzima au zaidi, mahali hasa wanapopenda kukaa konokono. Sisemi msibatize ziwani. Nasema hivi: sikiliza wenyeji kuhusu mahali, maana hata mamba na viboko wapo, jikaushe vizuri ukitoka, halafu kapime na kumeza dawa. Dawa inayotumika ni prazikwanteli, nayo haiui vizuri minyoo michanga, kwa hiyo ukiimeza kesho yake haitakusaidia sana. Subiri wiki 6 hadi 8 tangu ulipoingia majini, isipokuwa umeanza kuumwa. Kama unabatiza mara kwa mara, panga kupimwa kila mwaka.

Kwa ugonjwa mkubwa, Bugando ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda. Lakini kutoka Ukara au Goziba mpaka Bugando ni safari ya maji. Bima yako ni lazima igharamie kusafirishwa kwa dharura, na kwa ndege pia.

Safari za majini

Watu wa Mwanza hawajasahau tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama ikiwa njiani kuja Mwanza. Wengi wa waliokufa walizikwa Igoma. Wala watu wa Ukara hawajasahau tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikiwa kinakaribia kutia nanga, na watu zaidi ya 200 wakafa. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimejaza kupita kiasi. Nunua jaketi okozi lako mwenyewe na la kila mtu wa familia, uje nayo. Boti ikiwa imejaa, subiri inayofuata hata kama ibada itachelewa. Waumini watakusubiri.

Upande wa Sengerema na Geita safari imekuwa nyepesi tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025. Foleni ya kivuko imebaki hadithi.

Kalenda ya mwalo ni mwezi

Hili hakuna chuo cha Biblia cha ng'ambo kitakachokufundisha. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti, kwa hiyo wavuvi hupumzika, hushona nyavu, huenda makwao kuona familia, na wengine hunywa walichopata. Ukipanga semina ya wanaume kwa tarehe za kalenda uliyokuja nayo, utahubiria viti. Ipange siku za mbalamwezi, lakini mwanzoni mwake, kabla watu hawajaondoka kambini. Akina mama nao asubuhi wako juani wakianika dagaa, kwa hiyo kikao chao ni alasiri.

Tena watu wa kambi wanahama. Samaki wakipungua Kome wanakwenda Maisome, kutoka hapo Goziba. Masomo 12 ya wanaojiandaa kubatizwa huyamalizi na watu ulioanza nao. Andaa kila somo liweze kusimama peke yake, na mshiriki anapohama mpe barua ya kumtambulisha kwa mwinjilisti wa kule anakokwenda. Wainjilisti wa mialo wanafahamiana kwa simu. Jiunge nao katika utaratibu wao, usianzishe wako.

Ukifika mwalo wowote, usianze na watu. Anza na mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji, kisha viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi wenyewe kinachosimamia mwalo, ukiwa umefuatana na mwenyeji.

Lugha, na mambo yanayotisha

Kama Kiswahili chako kimechakaa, kifanyie kazi huko huko, angalau miezi kadhaa, kwa kuomba na kusoma Maandiko kwa sauti. Watoto wako nao wasemeshwe Kiswahili nyumbani kabla ya safari. Kisha ongeza salamu za watu unaokwenda kuishi nao: kwa Wasukuma *mwangaluka* asubuhi na *mwadila* mchana, na ukumbuke Ukerewe, Ukara, Majita na Uzinza kila mahali kuna lugha yake. Fika Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padre Mkanada David Clement. Utaona jinsi alivyoichukulia kwa uzito ngoma na historia ya watu aliotumwa kwao.

Na kuna mambo ya kujua kabla hujafungua kinywa. Kanda hii imewahi kuumizwa na mauaji ya watu wenye ualbino, na ya vikongwe walioitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Ukisimama madhabahuni ukazungumza kiholela kuhusu wachawi walioko katikati yenu, kuna bibi anaweza kufa. Sizidishi. Mhubiri anayekuja huku ajifunze kwanza kulinda watu kwa maneno yake, na ajue ni nani wa kumpigia simu akisikia mtu ametishiwa.

Fedha, na ndugu zako

Changisha gharama za miaka 2 kamili kabla ya kuacha kazi, pamoja na nauli ya kurudi. Fedha zipitie akaunti ya kanisa au shirika, yenye watu wawili wa kutia saini.

Ndugu watakuja. Kwao wewe ni mtu wa majuu uliyerudi, na ada za shule, misiba na matibabu vitaletwa kwako. Ni haki yao kuja na ni wajibu wako kuwasikiliza, lakini fedha ya wachangiaji si yako. Tenga tangu mwanzo, kutoka akiba yako mwenyewe, kiasi cha mambo ya ukoo, na uwaeleze wazee wa ukoo kwa heshima kabla hujaanza kazi. Afadhali kikao hicho kifanyike mapema na mjomba au baba mkubwa akiwepo, kuliko ukatae mmojammoja mlangoni.

Mwisho ni barua unazowaandikia wachangiaji. Usipige picha ya mtoto mchafu ukaituma ughaibuni bila kumwomba mzazi wake. Wavuvi wana simu janja, wako kwenye makundi yale yale, na picha inarudi mwaloni kabla hujaamka. Kila barua unayoituma nje, iandike pia kwa Kiswahili na uwape wazee wa kanisa waisome kabla haijaondoka. Wakikataa sentensi, iondoe.