Unawekewa briji ya meno juu ya implanti? Uliza haya kwanza

Kama uko Kisumu ama Nakuru na umeambiwa utawekewa briji ya kudumu (meno bandia yaliyoungana) juu ya implanti (mzizi bandia unaopandwa kwenye mfupa wa taya), usiangalie bei peke yake, uliza vile hivyo vipande vimeundwa. Jino la kuzaliwa liko na nyuzi za kupunguza mshindo, implanti haina, imeshikana na mfupa moja kwa moja, so ukitafuna nyoyo (mahindi na maharagwe) nguvu nyingi inaenda shingoni mwa implanti, pale mfupa unaanzia.

Anza na upana. Implanti nene kwa kawaida husambaza nguvu vizuri kuliko nyembamba, hata kama hiyo nyembamba ni ndefu, lakini mfupa lazima utoshe. Abatmenti nayo, kile kipande cha katikati ya implanti na briji, ile ya koni inayoingia ndani huwa haichezi sana kama ile bapa.

Sasa jino la kuning'inia mwishoni bila implanti chini yake, hapo bana mimi ningekataa kama kuna njia ingine, juu kila ukiuma linavuta briji kama mtu amekalia mwisho wa mtumbwi, na skrubu inalegea. Likibidi, liwe fupi.

Briji ikae yenyewe bila kulazimishwa kabla skrubu zikazwe. Ikianza kucheza baadaye rudi haraka, usingoje kitu kivunjike.