Umenyimwa waranti ya injini ya lori? Jinsi ya kupinga uamuzi huo ukiwa Nairobi

Injini ya dizeli ikinoki lori likiwa bado ndani ya waranti, mwenye lori huamini kazi yake ni kulivuta hadi kwa muuzaji na kusubiri. Kisha inakuja barua ya mistari mitatu: dai limekataliwa kwa sababu ya "matumizi mabaya". Wengi huikunja wakaenda Kirinyaga Road kutafuta injini ya mtumba. Barua hiyo si hukumu. Ni maoni ya upande ambao ungegharamika kama ungekubali kosa, na unaweza kuyapinga.

Ugomvi huu hauhusu kama ulikuwa mteja mzuri. Unahusu chanzo. Swali ni kama sababu waliyokupa ndiyo iliyoua injini hii hasa. Servisi iliyochelewa inaweza kuchakaza beringi, lakini haitoboi pistoni ambayo injekta mbovu iliimwagia dizeli kupita kiasi. Kila karatasi utakayokusanya iwe inajibu swali hilo.

Kabla injini haijafunguliwa

Hapa ndipo kesi nyingi hupotea, kwa sababu ushahidi wote uko ndani ya injini na injini iko mikononi mwa mpinzani wako.

Gereji ya muuzaji itakupa fomu ya idhini ya kuifungua. Isome hadi mwisho. Mara nyingi kuna sentensi inayosema dai likikataliwa utalipa gharama ya kufungua, pamoja na ada ya kuegesha ya kila siku. Ukitia sahihi, andika kwa mkono pembeni: "Nimeidhinisha bila kupoteza haki zangu. Spea zote zilizotolewa zihifadhiwe. Nijulishwe siku na saa ya kufungua." Piga picha fomu hiyo kabla ya kuirudisha. Kama lori lina mkopo, iarifu benki siku hiyo hiyo, kwa maana jina lake pia limo kwenye logbuku na malipo ya mwezi hayasimami kwa kuwa lori limesimama. Usitumaini bima pia: sera za kawaida za magari hazilipii hitilafu ya kimitambo.

Kisha chukua sampuli. Oili ya injini itolewe kwenye sampu (trei ya oili iliyo chini ya injini) kabla ya kumwagwa, kwa chupa tatu safi: moja yako, moja yao, na ya tatu ifungwe kwa lakiri na sahihi za pande zote mbili ili ibaki akiba. Fanya vivyo hivyo kwa dizeli ya tangi na ile iliyobaki kwenye filta. Kila chupa iandikwe tarehe, namba ya chesisi na kilomita za odomita.

Usidhani hii ni mbwembwe ya mawakili. Oili ikipimwa maabara husema mengi kuliko fundi mkuu yeyote. Silikoni ikiwa juu, vumbi limeingia, na hapo utauliza kama ni filta ya hewa uliyoisahau au ni bomba la hewa lililolegea tangu kiwandani. Sodiamu au potasiamu nyingi huonyesha kwamba maji ya rejeta yamevuja ndani, pengine kupitia gasketi ya silinda hedi. Dizeli ndani ya oili huelekeza kidole kwenye injekta au pampu. Shaba na risasi hutoka kwenye beringi. Mtu akikuambia "hukubadilisha oili" huku maabara ikionyesha oili iliyozimuliwa na dizeli, mazungumzo yamebadilika.

Omba pia chapisho la kompyuta ya injini kabla mtu hajafuta misimbo ya hitilafu (namba ambazo kompyuta huhifadhi injini inapopata kasoro): misimbo yenyewe, kilomita ilipojitokeza, joto la injini, na mizunguko ya juu kabisa iliyorekodiwa.

Siku ya kufungua, nenda na mtu wako. Fundi unayemwamini anasaidia, lakini ripoti inayobeba uzito mahakamani ni ya mhandisi wa mitambo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, au mkaguzi wa magari anayejulikana. AA Kenya, chama cha wenye magari, nao hukagua magari. Mwagize achunguze chanzo. Ripoti inayosema tu "injini imeharibika" haina faida, kwa sababu hilo hakuna anayelibisha.

Waambie wakupe sababu kwa maandishi

Kukataliwa kwa simu hakuhesabiki. Andika barua pepe ukiomba mambo manne: kifungu cha waranti wanachokitegemea, ripoti ya fundi wao, picha, na matokeo ya vipimo. Wakikataa kutoa ripoti, kukataa huko nako ni ushahidi. Uweke kwenye faili.

Sababu wanazotoa huwa chache na zinafanana.

Ya kwanza ni servisi. Toa kitabu cha servisi, risiti za oili na filta, na kama ulihudumiwa nje ya gereji yao, risiti za eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi) zenye tarehe. Hapa nitasema ukweli usiopendeza: kama waranti inasema wazi kwamba kuruka servisi kunaifuta, huenda umeipoteza ahadi hiyo ya mtengenezaji. Hujaipoteza sheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inaweka masharti ya ubora na kufaa kwa matumizi katika mauzo yenyewe, na Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa na fidia kwa hasara iliyotokana na kasoro. Waranti ni nyongeza juu ya hayo. Tatizo ni kwamba Sura ya 31 huruhusu masharti hayo kuondolewa kwa makubaliano, kwa hiyo soma mkataba wa mauzo kuona kama uliyaondoa kwa sahihi yako. Ndipo inapofaa Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, ambayo haikubali haki zake zifutwe kwa mkataba. Muuzaji anaweza kudai kwamba lori la biashara haliko chini yake. Mjadala huo mwachie wakili.

Ya pili ni mafuta machafu. Uchanganyaji wa dizeli na mafuta taa ulikuwa biashara nono hapa kwetu hadi serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa mwaka 2018 ili kupunguza pengo la bei. Kwa hiyo hoja hii si ya kupuuzwa. Lakini ni lazima ithibitishwe kwa kipimo, na wewe una chupa yako. Ikionyesha kweli kuna mafuta taa, mdaiwa wako si muuzaji wa lori tena ila kituo cha mafuta. Risiti za mafuta zitakuonyesha ni kipi, na malalamiko yapelekwe EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na mafuta.

Ya tatu ni kupakia kupita kiasi. Lori lililopita mizani ya Mlolongo, Gilgil au Mariakani lina tiketi zake. Wengi huzitupa na vikombe vya chai. Mwambie tanboi azihifadhi.

Ya nne ni kuzungusha injini kupita kiwango, na hii ndiyo ngumu kuliko zote. Dereva akiteremka Mai Mahiu na mzigo, akaweka gia ndogo kwa pupa, magurudumu huisukuma injini kuzunguka kuliko ilivyokusudiwa. Valvu hugonga pistoni na kompyuta hurekodi kila kitu. Kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa hakizuii hilo, kwa sababu kinapima mwendo wa gari na si mizunguko ya injini. Kama chapisho linaonyesha hivyo, ushauri wangu ni uache kesi na uombe punguzo la bei ya injini. Wauzaji wengi hupendelea kukubaliana kuliko kumpoteza mteja mwenye malori mengine.

Barua ya madai

Ukishapata ripoti ya mhandisi, andika rasmi. Itumie kampuni, si meneja wa tawi. Jina lililo kwenye bango huenda si jina la kampuni, kwa hiyo tafuta CR12 (hati rasmi ya taarifa za kampuni) kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uone jina kamili lililosajiliwa. Mfano:

"YAH: KUPINGA KUKATALIWA KWA DAI LA WARANTI, LORI NAMBA (usajili), CHESISI NAMBA (andika), INJINI NAMBA (andika)

Nililinunua lori hili kwenu tarehe (andika). Injini iliharibika tarehe (andika) likiwa na kilomita (andika), ndani ya kipindi cha waranti. Mlikataa dai kwa barua ya tarehe (andika) mkitaja kifungu (andika).

Ripoti ya mhandisi iliyoambatishwa inaonyesha kwamba chanzo ni (andika kwa sentensi moja). Sababu mliyoitaja haikusababisha hitilafu hiyo, kwa kuwa (andika).

Naomba, ndani ya siku 14, mtengeneze au mbadilishe injini bila malipo, na mfute ada ya kuegesha. Baada ya hapo nitapeleka dai mahakamani bila taarifa nyingine. Naomba spea zote zihifadhiwe hadi jambo hili liishe."

Usiongeze matusi wala historia ya urafiki wenu. Ipeleke mwenyewe na upigiwe muhuri kwenye nakala, kisha uitume pia kwa barua pepe. Nakala iende ofisi ya mtengenezaji ya kanda, kwani mara nyingine muuzaji ndiye mkaidi na mtengenezaji ndiye angelipa.

Wasipojibu

Malalamiko unaweza kuyapeleka kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo chini ya sheria ya 2010 hushughulikia pia wauzaji wanaowadanganya watumiaji. Inafaa hasa kama uliuziwa lori kwa ahadi zisizo za kweli kuhusu waranti. Usiitegemee ikukadirie hasara yako. Kazi hiyo ni ya mahakama.

Dai lisilozidi shilingi milioni moja huenda Mahakama ya Madai Madogo, na ya Nairobi iko Milimani. Sheria yake ya 2016 inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60, haibanwi na kanuni zote za ushahidi, na unaweza kujiwakilisha mwenyewe kwa Kiswahili. Unafungua akaunti kwenye mfumo wa mtandaoni wa Idara ya Mahakama, unapakia dai, taarifa za mashahidi na vielelezo, unalipa ada, kisha unahakikisha mdaiwa amekabidhiwa nyaraka na unawasilisha uthibitisho wa hilo. Injini ya lori kubwa pamoja na mapato yaliyopotea huvuka milioni haraka. Usijaribu kuligawa dai mara mbili ili liingie. Ama usamehe kinachozidi, ama uende mahakama ya hakimu, ambayo kwa hakimu mkuu hufika shilingi milioni 20. Huko chukua wakili.

Mapato yaliyopotea hayalipwi kwa kutajwa. Leta mikataba ya usafirishaji, hati za kupokelea mzigo na taarifa za M-Pesa za miezi kabla ya lori kufa, uondoe gharama za dizeli na dereva. Ulikodi lori jingine? Risiti yake ina nguvu zaidi, kwa sababu mahakama hutazama kama ulijitahidi kupunguza hasara.

Muda wa kushtaki kwa kuvunja mkataba ni miaka sita, lakini usiutumie kama godoro. Lori linaloachwa gerejini hulimbikiza ada, na sheria ya mali isiyochukuliwa, Sura ya 38, humpa mrekebishaji njia ya kuiuza baada ya kutoa ilani. Kama unataka kulitoa, litoe baada ya mhandisi wako kumaliza na spea kuwekewa lakiri.

Wakikubali kubadilisha injini, usiondoke bila ankara yenye namba ya injini mpya. Namba hiyo haitalingana na logbuku, na lazima uombe mabadiliko NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia mfumo wao wa mtandaoni kisha lori likaguliwe. Kwa Nairobi ni kituo cha Likoni Road, Industrial Area. Waandike kwenye makubaliano ni nani atakayelipia ukaguzi huo, na waranti ya injini mpya inaanza kuhesabiwa tarehe gani.